Divai ya Kolossi: Shamba la Watawa katika Kisanga cha Kipro

Kila siku padri anamimina divai kidogo katika kalisi, lakini ni mara chache sana tunapojiuliza: zabibu hizi zililimwa na nani? Historia ya divai moja ya zamani itatusaidia kufikiri juu ya jambo hili. Ni divai ya kisanga cha Kipro, katika bahari ya Mediterane, nayo inaitwa Commandaria.

Kipro si kigeni kwetu. Tunasoma katika Matendo ya Mitume kwamba Mutakatifu Barnaba alikuwa mutu wa kule, na kwamba Mutume Paulo alifika naye Salamina, wakapita katika kisanga chote mupaka Pafo. Lakini watu wa inchi zile walijua kazi ya mizabibu miaka mingi mbele ya Mitume. Hesiodo, Mugiriki aliyeishi karibu miaka 700 mbele ya Kristu, aliandika kwamba zabibu zilizokatwa ziwekwe juani siku kumi, halafu kivulini siku tano, kiisha zikamuliwe.

Divai ya Commandaria inafanywa hata leo kwa namna iliyo karibu na ile. Wanavuna zabibu nyeupe zinazoitwa Xynisteri na zabibu nyeusi zinazoitwa Mavro, wanazitandaza juani muda wa juma moja ao zaidi. Maji yanapungua, sukari inabaki. Maji yake mazito yanachachuka polepole, na chachu inakufa mbele ya kumaliza sukari yote. Kwa sababu hiyo divai inabaki tamu. Halafu inakaa katika mapipa ya mbao za mwaloni miaka isiyopungua 2, na rangi yake inakuwa kama ya asali nyeusi.

Jina lake lilitoka wapi? Katika mwaka 1191 Richard, mufalme wa Uingereza, alikuwa njiani kwenda Yerusalema. Aliteka Kipro, na tarehe 12 Mei alimuoa Berengaria katika muji wa Limassol. Kisanga alikiuzisha kwa watawa-askari wa Hekalu. Wao hawakuweza kukitawala. Katika mwaka 1192 watu waliwaasi, na inchi ikapewa Guy de Lusignan. Katika mwaka 1210 mufalme Hugues wa Kwanza aliwapa watawa wa Mutakatifu Yoane, ndio Wahospitali, shamba la Kolossi karibu na Limassol. Nyumba yao iliitwa komanderi, maana yake nyumba iliyowekwa chini ya mukubwa mumoja. Kwa jina la nyumba hiyo divai ikapata lake. Karibu na mwaka 1224 Mufaransa Henri d'Andeli alitunga shairi juu ya mashindano ya divai mbalimbali, na ndani yake divai ya Kipro ilipata heshima kubwa kupita zote.

Tusimame hapa kidogo. Watawa hawa walikuwa na kazi gani? Kuwahudumia wagonjwa. Amri zao za mwaka 1182, katika hospitali ya Yerusalema, zilisema kwamba wagonjwa wapewe nyama siku tatu kila juma, ya nguruwe ao ya kondoo, na aliye zaifu apewe kuku. Waliwaita wagonjwa mabwana wao. Nao Akko ulipoanguka katika mwaka 1291, walikuja Kipro, halafu wakaenda kukaa Rodo. Mashamba kama Kolossi yalituma kila mwaka sehemu ya mapato kwa nyumba kubwa, kwa ajili ya hospitali na kwa ajili ya vita.

Lakini Kolossi ililimwa na nani? Kwa desturi ya kisanga, watu wengi wa vijiji walikuwa wamefungwa kwa udongo wa bwana wao. Walimufanyia kazi siku mbili kila juma bila mushahara, na tena walimutolea sehemu ya tatu ya mavuno yao. Hawakuweza kuondoka bila ruhusa. Kwa hiyo kitanda cha mugonjwa kule Rodo na jasho la mulimaji kule Kipro viliandikwa katika hesabu moja. Atakayesifu kitanda tu, amesema nusu ya kweli. Atakayelaumu shamba tu, naye amesema nusu. Mwenye kuandika historia ya Kanisa asiogope kushika nusu zote mbili.

Katika mwaka 1454 mukubwa Louis de Magnac alijenga upya munara wa mawe wa Kolossi, nao ungali umesimama. Pembeni yake kuna kinu cha kusaga miwa, maana sukari vilevile ilileta mali. Katika mwaka 1489 Venezia ilitwaa kisanga. Katika mwaka 1571 Waturuki walimaliza kukiteka, na utumwa ule wa udongo ukakoma. Mabwana wakaenda. Mizabibu ikabaki, na ufundi ukabaki, sababu ulikuwa katika mikono ya wanavijiji.

Kwa meza yao tunaona ufundi huo vizuri. Divai tamu haikunywewa pamoja na nyama. Inafuata chakula, pamoja na lozi, tini kavu na fromaji yenye chumvi, maana chumvi na utamu vinasaidiana. Kwa samaki na kwa halloumi, fromaji ya maziwa ya mbuzi na kondoo inayochomwa motoni, inafaa divai nyeupe isiyo tamu. Nyama ya nguruwe wanailoweka katika divai nyekundu pamoja na mbegu za giligilani, halafu wanaipika. Chakula hicho kinaitwa afelia, na divai nyekundu inakifuata mezani. Maji ya zabibu yenyewe wanayapika na unga, wanachovya ndani lozi zilizofungwa kwa uzi, mara kwa mara, mupaka zinakuwa kama mushumaa munene. Hakuna kinachotupwa. Ndiyo meza ya watu waliojua bei ya kila tunda.

Katika mwaka 1990 sheria iliamuru kwamba vijiji 14 tu, kwenye miteremuko ya kusini ya milima ya Troodos, vina haki ya jina la Commandaria. Basi jina la nyumba ya mabwana limekuwa mali ya wajukuu wa walimaji.

Ndugu, kesho wengine wenu watapewa parokia yenye shamba, ng'ombe, ao kinu. Mali hiyo itawalisha wagonjwa na wanafunzi, na ni vizuri. Lakini siku ya kufanya hesabu, mukumbuke Kolossi: musiulize tu shamba limelisha nani, muulize vilevile nani amelilima, na kama amekula.