Kabla ya Kayaki: Mitumbwi na Maporomoko ya Mto Nile huko Jinja

Kila tunapofundisha methali isemayo "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", hatukosi kuulizwa na wanafunzi wetu hapa Uganda: tezi ni nini, omo ni nini, na ngama je? Basi huchora jahazi ubaoni na kuwapeleka Lamu na Unguja kwa maneno matupu. Si vibaya. Lakini huwa tunasahau kwamba kilomita zipatazo 80 tu mashariki ya Kampala, pale Jinja, upo mto wenye historia yake ya vyombo na mabaharia.

Siku hizi Jinja ikitajwa, wengi hukumbuka watalii waliovaa kofia ngumu, wakipinduka na kuinuka ndani ya kayaki za plastiki. Mchezo huo ulianza kushamiri hapo katika miaka ya 1990. Kayaki yenyewe ni chombo cha Wainuit wa nchi za barafu, waliokiunda kwa kiunzi kilichovikwa ngozi, na jina lake limetoka katika lugha yao. Hatuna ugomvi na mgeni huyu. Tunachosema ni kwamba alipofika alikuta wenyeji.

Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali ambapo mto unatoka ziwani. Aliyapa maporomoko jina la Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa kwao, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwamba Waganda walipaita "mawe". Jina hilo la wenyeji halikufa: katika Kiganda jiwe ni ejjinja, na ndiyo asili ya jina la mji. Tukumbuke pia kwamba wapagazi na askari wa Speke walikuwa Wangwana kutoka Unguja. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kando ya mto huu zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Mwaka huohuo Speke alijaribu kuteremka mto kwa mitumbwi aliyopewa. Ilikuwa ya mbao zilizofungwa pamoja kwa kamba, na nyufa zake zilikalafatiwa kwa vipande vya mbugu, yaani nguo ya magome ya mti. Mwalimu aliyewahi kuwaeleza wanafunzi habari za mtepe wa pwani, uliokuwa ukishonwa kwa kamba bila misumari, ataona mara moja kwamba mafundi wa bara na wa pwani walikuwa na elimu inayofanana. Katika ufalme wa Buganda mkuu wa mitumbwi alikuwa na cheo chake, Gabunga. Mwaka 1875 Kabaka Mutesa alikusanya mamia ya mitumbwi karibu na Jinja kupigana na watu wa Buvuma, nao wakamtoa jasho majini.

Ni nini basi kilichonyamazisha makafi? Sababu moja kubwa ni malale. Kuanzia mwaka 1900 hivi ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwani. Serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki kutoka kandokando ya ziwa. Mahali pasipo watu hapana mitumbwi, na pasipo mitumbwi mafundi hawapati wa kumrithisha kazi.

Kisha yakaja mabwawa ya umeme. Bwawa la Owen, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyafunika maporomoko ya Ripon. Mwaka 2011 maji ya bwawa jipya yaliyameza maporomoko ya Bujagali, na mtambo wake wa megawati 250 ukakamilika mwaka 2012. Bwawa la Isimba, la megawati 183, likafuata mwaka 2019. Umeme tunauhitaji, hata makala haya tumeyaandika kwa nguvu zake. Lakini Bujagali palikuwa makao ya Budhagaali, ambaye Wasoga husimulia kwamba alivuka maji yale akiwa ameketi juu ya nguo ya magome. Hapo pia vijana walikuwa wakijitosa mbele ya watalii, wakiwa wamekumbatia jerikeni ya plastiki ya lita 20, ili wapate riziki. Leo pametulia kama ziwa. Wapiga kayaki wamesogea chini zaidi, kwenye maporomoko kama Itanda.

Mwamba uliozama hatuwezi kuuinua, ila jina lake tunaweza kuliandika. Waganda huita kafi enkasi, mtumbwi huuita eryato, na kitenzi okuvuga, cha kuendesha mtumbwi, ndicho wanachotumia leo kwa gari. Ni maneno mangapi mengine ya namna hii yamo vinywani mwa wavuvi wazee wa Jinja na Buvuma, wala hayamo katika kamusi yoyote?

Tunawaomba wanafunzi wetu wanaotoka pande hizo, likizo ijayo waende na daftari. Waulize majina ya sehemu za mtumbwi, ya mawimbi na ya miamba iliyo chini ya maji, kisha watafute maneno ya Kiswahili yanayolingana nayo. Siku hiyo tutakapofika kwenye tezi na omo, hatutahitaji tena kuchora jahazi la mbali.