Maji ya Maungu, Vyakula vya Ndara

Anayetoka Mombasa kwenda Voi kwa gari huipita Maungu bila kugeuza shingo. Ni mji mdogo wa barabarani, malori yameegeshwa pande zote, na nyuma yake kuna mlima wa mawe. Katika karne ya 19 mlima huo ndio ulioamua nani angefika Taita mzima. Maji yalikuwa juu, kwenye mashimo ya miambani, na mtu aliyetembea kutwa na kucha kutoka Taru na mzigo begani ilimbidi aupande kwanza ndipo anywe.

Njia ya misafara ilianzia Mombasa, ikapita Rabai, ikaingia nyika ya Taru, ikatokea Maungu, kisha Ndara, yaani milima ya Sagalla inayoutazama mji wa Voi wa leo. Hapo iligawanyika. Mkono mmoja ulielekea Ndi, Tsavo na Ukambani. Mwingine ulifuata Bura na kukata mbuga hadi Taveta, mlango wa kuingilia Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya 100 nyingine.

Mpagazi alibeba frasila mbili, karibu kilo 32: shanga, nguo, au nyaya za chuma na shaba nyeupe wakati wa kwenda, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Juu ya hizo aliweka mkeka wake, sufuria, posho na mara nyingi bunduki. Ujira wa kawaida ulikuwa riale 5 kwa mwezi.

Nyika ya Taru haikuvukwa kwa mwendo wa kila siku wa asubuhi mpaka jua kali. Ilivukwa kwa tirikeza. Watu walikaa majini hadi adhuhuri wakala na kunywa wakashiba, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka alasiri. Walitembea mpaka usiku mwingi, wakalala pasipo maji, wakaamka kabla ya alfajiri na kuendelea. Miiba ya nyika ilichana miguu na mizigo. Aliyekunywa kibuyu chake mapema alilipa kosa hilo kesho yake saa nne asubuhi, wakati Maungu inaonekana lakini haifikiki. Kiongozi hodari alipimwa hapo: ajue mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na shimo gani bado lina maji.

Wakenya wamezoea kuitafuta asili ya mbio ndefu Iten na Eldoret. Ni haki yao, medali zimetoka huko. Lakini ukitaka kujua mwili wa binadamu uliweza nini katika nchi hii kabla ya saa za kupimia muda, njia ya Taita ina ushahidi mwingi, na hakuna sababu ya kuuacha nje ya hadithi ya masafa marefu.

Baada ya Maungu, Ndara ilikuwa neema. Wataita wakati huo waliishi juu milimani, mahali ambapo adui wa tambarare angefika akihema. Misafara ilipiga kambi chini, bunduki zikalia kuwaarifu wa juu, nao wakateremka na mahindi, viazi vitamu, ndizi na miwa. Milima ya Taita hupanda ghafla: Voi iko mita zipatazo 600 juu ya bahari, kilele cha Vuria kiko mita 2,208. Mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga huko na kuacha mvua, na wakulima wa huko waliielekeza mito midogo kwa mifereji mpaka mashambani.

Miwa ile haikuwa ya kutafuna tu. Pombe yake ilikuwa kinywaji cha wazee na cha ibada. Katika ibada ya kutasa, mzee alijaza kinywa pombe au maji ya miwa, akayapuliza nje kwa mnyunyizo huku akitamka maneno ya kuondoa hasira na kuombea amani. Grace Harris, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliijengea desturi hiyo kitabu kizima kilichotoka 1978. Amani ilikuwa muhimu njiani kama maji. Wenye misafara waliochanjiana udugu na wenyeji walipata chakula na usalama.

Mmoja wa walioijua njia hii vizuri alikuwa Bwana Kheri, kiongozi wa misafara wa pwani. Mwaka 1848 alimwongoza mmisionari Johannes Rebmann, na tarehe 11 Mei, wakiwa kati ya Taita na Taveta, Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita weupe huo kwa neno moja: baridi. Wataalamu wa London walibishana kwa miaka juu ya theluji hiyo karibu na ikweta. Watu wa njia hiyo walikuwa wakiuona mlima huo miaka nenda miaka rudi.

Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 na watu zaidi ya 100, alipumzika Taveta, kwenye kivuli cha msitu wa mto Lumi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na vibanda vyao humo, na wapagazi wakakaa wakitunga shanga kwa urefu uliotakiwa na Wamaasai. Mwaka uliofuata mvua ziliikataa Taita, ikaja njaa ambayo Wataita waliiita Mwakisenge. Waliokuwa wakilisha misafara wakaishika wenyewe njia ileile kwenda Rabai na Taveta kutafuta chakula.

Reli ya Uganda ilifika Voi mwishoni mwa 1897, na tirikeza ya Taru ikafa. Upande wa Taveta haukupata reli mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi mwaka 1915, ikipitia Maktau, huku maji yakiletwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Vikosi vidogo vya Wajerumani vilikuwa vikivuka mbuga hiyohiyo kavu kwa miguu, usiku, kwenda kulipua reli ya Uganda.

Pale reli ilipokoma, mzigo ulirudi kichwani. Sheria ya 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, kwa rupia 5 kwa mwezi. Katika miaka ya 1880 riale moja ilibadilishwa kwa rupia mbili na ushee. Mpagazi wa Thomson, aliyekubali safari mwenyewe, alilipwa maradufu ya huyu aliyekamatwa kijijini. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki ya Kiingereza walikufa katika vita hivyo, wengi kwa kuhara damu. Voi, Maktau na Taveta zina makaburi ya vita yanayotunzwa, mawe yamechongwa majina. Wapagazi wengi hawana jiwe. Mishahara ya maelfu waliokufa au kupotea haikudaiwa kwa sababu jamaa zao hawakupatikana, na baada ya vita viongozi wa kidini na baadhi ya maofisa waliiomba serikali ya Uingereza fedha hizo ziwafaidi Waafrika. London ilikataa.