Karatasi inapotembezwa: historia ya kupanga upya kazi za ofisini

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya magari ya Ford ilikuwa taabani. Kati ya 1980 na 1982 ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 3, huku magari ya Wajapani yakiwavuta wateja wake hapohapo Marekani. Wakuu wa kampuni wakaanza kutafuta pa kubana matumizi, na macho yakatua kwenye idara ya malipo ya Amerika Kaskazini. Humo walikuwemo wafanyakazi zaidi ya 500, na kazi yao kubwa ilikuwa moja: kuwalipa walioiuzia kampuni vipuri na malighafi.

Mpango wa kwanza ulikuwa ule ambao ofisi yoyote ingeupitisha. Zinunuliwe kompyuta, kazi iende haraka, watu wapunguzwe kwa asilimia 20 wabaki 400. Kisha wakaenda kuchungulia kwa Mazda ya Hiroshima, ambayo karibu robo ya hisa zake zilikuwa mikononi mwa Ford tangu 1979. Kazi ileile, Mazda waliifanya kwa watu 5. Ni kweli Mazda ilikuwa kampuni ndogo, lakini hata tofauti hiyo ilipozingatiwa, idara ya Ford ilionekana kuwa na watu mara tano ya waliohitajika. Lile punguzo la asilimia 20 likapoteza maana.

Siri ilikuwa mezani kwa karani. Kila malipo yalimfikishia karatasi 3 kutoka sehemu 3: nakala ya LPO, yaani oda ya kununulia, kutoka idara ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo kutoka stoo, na ankara ya muuzaji. Karani alizilinganisha, vipengele 14 kwa jumla, na vikioana hundi ilitoka. Visipooana, shughuli ilianza. Tuseme LPO inataja vipuri 1,000, stoo imepokea 960, na ankara inadai vyote 1,000. Malipo yanasimama, simu inapigwa ununuzi, stoo wanaulizwa, na muuzaji huko aliko anakuja juu akidai chake. Hati za namna hii ndizo zilizokula muda mwingi wa idara. Kompyuta yenye kasi ingemsaidia karani kuigundua hitilafu mapema, na hitilafu yenyewe ingebaki palepale.

Ford wakaiondoa ankara kabisa. Chini ya utaratibu mpya, afisa ununuzi aliingiza oda kwenye kompyuta, na mzigo ulipofika, karani wa mapokezi aliuangalia palepale mahali pa kushushia. Ukilingana na oda, anaupokea, na kompyuta inaandaa hundi kwa wakati wake. Usipolingana, unarudishwa ulikotoka. Vipengele 14 vikawa 3: namba ya kipuri, kipimo chake na namba ya muuzaji. Zamani kampuni ililipa ilipopata ankara. Sasa ililipa ilipopata mzigo. Idara ikapungua kwa asilimia 75, na mimi naona uhodari wa Ford ulikuwa katika kuigusa kanuni ambayo kila mtu alikuwa amerithi na hakuna aliyewahi kuihoji.

Habari hizi zilienea mwaka 1990, Michael Hammer, aliyekuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha MIT, alipoandika makala katika jarida la Harvard Business Review. Hoja yake ilikuwa kali: utaratibu mbovu usihamishiwe kwenye kompyuta, ufutwe. Mwaka huohuo Thomas Davenport na James Short nao walichapisha hoja iliyokaribiana sana na hiyo. Mbegu yake ilikuwa ya zamani, maana Frederick Taylor alishaandika mwaka 1911 juu ya kupima kila tendo la mfanyakazi. Tofauti ni kwamba Taylor aliichambua kazi ya mtu mmoja mmoja. Hawa walilifuata jambo lenyewe tangu mteja anapoomba hadi anapohudumiwa, hata likipita idara saba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa IBM Credit, kampuni tanzu iliyowakopesha wateja wa IBM fedha za kununulia mitambo. Muuzaji aliyekuwa na mteja alipiga simu, na mmoja wa watu 14 waliokaa kuizunguka meza moja aliliandika ombi kwenye karatasi. Karatasi ikapanda ghorofani kwa wakaguzi wa uwezo wa mteja, ikaenda kwa waliorekebisha masharti ya mkopo, ikafika kwa mpanga riba, mwisho kwa makarani wa kuandika barua. Siku 6 kwa wastani, na mara nyingine wiki 2. Katika siku hizo mteja alikuwa na nafasi ya kubadili mawazo au kuchukuliwa na mshindani, na muuzaji alikuwa akipiga simu tu kuuliza ombi limefika wapi.

Tiba ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa dawati la kudhibiti. Kila idara ilirudisha ombi hapo, likaandikishwa, likatumwa kwa idara inayofuata. Sasa muuzaji aliweza kuambiwa karatasi yake iko wapi, lakini nayo ilizidi kuchelewa. Ndipo mameneja wawili walipochukua ombi moja mkononi na kulitembeza wenyewe, ofisi kwa ofisi, wakimwomba kila mhusika aache alilokuwa akifanya alishughulikie kama kawaida yake. Kazi yote ilichukua dakika 90. Siku zilizobaki zilikuwa za karatasi kulala kwenye trei. Kazi ya wale wataalamu wanne ikapokewa na mtu mmoja, akisaidiwa na programu ya kompyuta, aliyelishughulikia ombi toka mwanzo hadi mwisho. Yale magumu tu ndiyo yaliyoenda kwa bingwa. Siku 6 zikawa saa 4.

Mwaka 1993 Hammer na James Champy walitoa kitabu kilichonunuliwa kila pembe ya dunia, na kampuni zikakimbilia mtindo huo. Nyingi zilichukua upande wa kupunguza watu peke yake. Waandishi wenyewe walikadiria kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ya majaribio hayakufikia lengo. Mwaka 1995 Davenport aliandika kwamba mkondo huu umewasahau watu, na mwaka uliofuata Hammer alikiri gazetini kuwa, kwa uhandisi wake, hakuupa upande wa binadamu uzito unaostahili. Namheshimu kwa kukiri hadharani, ila wakati huo maelfu walikuwa wameshakabidhi vitambulisho vya kazi.

Kwetu, mpango mkubwa wa aina hii ni Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014. Hapo awali mzigo wa Kampala ulitangazwa Mombasa, ukasafiri kwa dhamana, ukafika mpakani Malaba, na maelezo yaleyale yakaandikwa upya kwa forodha ya Uganda huku lori likisubiri kwenye foleni. Kanuni iliyoguswa ilikuwa ya wakati wa kulipa, kama ile ya Ford: sasa kodi ilipwe kwanza nchini mzigo unakokwenda, ndipo lori litoke bandarini. Maafisa wa mapato wa Uganda wakahamia Mombasa. Safari hadi Kampala, iliyotajwa kuchukua siku 18, ikatajwa kuchukua 4.

Mfanyabiashara alinufaika, na hilo nalifurahia bila kusita. Lakini kazi ya mawakala wa forodha wa Malaba na Busia ilikuwa ileile iliyofutwa, na walilalamika kwamba wamekatiwa riziki. Dereva aliyelala mpakani siku tatu alilipia kitanda, chakula na chai; anayepita kwa saa chache halipii kitu. Mawakala hao walijulikana tangu siku ya kwanza, kwa majina na leseni zao, na bado palikuwa na nafasi ya kuwaita mezani kabla mchoro haujakauka. Kazi ya wakala ilihamia bandarini, zaidi ya kilomita 900 kutoka Malaba, na ilihitaji ofisi ya kupanga Mombasa na mtaji wa kuanza upya.