Imani Dakani: Ujirani kama Mizani ya Maisha ya Kikristo Lamu

Katika nyumba za mawe za Lamu, kati ya njia na ndani pana daka: kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo mgeni huketi, huamkiwa na kuzungumzishwa kabla hajakaribishwa ndani, au hata asipokaribishwa kabisa. Makala hii inadai kwamba maisha ya Kikristo katika funguvisiwa hili, ambalo kwa karne nyingi limekuwa kitovu cha elimu ya Kiislamu, hupimwa dakani kuliko madhabahuni. Uhusiano na watu si pambo la imani, wala si chambo cha kuvulia waumini. Ndio umbo ambalo jirani huiona imani hiyo kwalo.

Historia inatupa sura mbili. Mwaka 1587 meli za Wareno kutoka Goa ziliuvamia mji wa Faza, kisiwani Pate. Watu wakauawa na minazi ikafyekwa. Huo ni Ukristo usiopiga hodi. Sura ya pili iko Mombasa. Mwaka 1844, mmisionari Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, alisaidiwa na kadhi Ali bin Muhyidin. Katika miaka ya 1880, mmisionari mwingine, W. E. Taylor, akawa mwanafunzi wa Mwalimu Sikujua, na kwa urafiki wao tungo za mshairi Muyaka bin Haji zikaokolewa zisipotee. Ukipimwa kwa idadi ya waliobatizwa, urafiki huo ni hasara. Lakini mmisionari aliyekubali kufundishwa alikwisha kukiri kwamba Mungu humfikia mtu pia kwa mkono wa asiye wa dini yake.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao, AMECEA, walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambamo majirani husali nyumba kwa nyumba, huuguzana na kuzikana. Uamuzi ulikuwa wa busara, ila una mpaka wake. Pale ambapo Wakristo wengi ni wahamiaji kutoka bara, jumuiya huweza kugeuka boma la watu wa kabila moja, wapendanao kwa dhati bila kuvuka njia kumjulia hali aliye ng'ambo. Katika mfano wa Msamaria, Yesu aliulizwa jirani ni nani. Naye akauliza ni yupi aliyekuwa jirani. Ujirani, basi, ni tendo. Kuishi karibu hakutoshi.

Mpeketoni, mji wa Lamu upande wa bara, inaonyesha uzito wa hoja hii. Kuanzia miaka ya 1970, mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta uliwapa ardhi wakulima kutoka bara, wengi wao Wakristo, huku wenyeji wakilalamika kwamba wao waliobaki bila hati ndio wenye asili ya mahali. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 wavamizi waliingia mjini. Katika mashambulizi ya siku hizo zaidi ya watu 60 waliuawa, na wanaume wasio Waislamu ndio waliolengwa. Wapiganaji wa Al-Shabaab walidai kuhusika. Dhuluma ya ardhi haihalalishi damu hata tone moja. Hata hivyo, salamu zisizothubutu kuigusa ardhi huacha ufa ambamo muuaji hupenyeza kisu chake.

Mwaka uliofuata, Desemba 2015, washambuliaji walilisimamisha basi karibu na Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, wakataka abiria watengwe kwa dini. Abiria Waislamu walikataa, na baadhi ya wanawake waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mkristo anayesoma habari hii huukuta mfano wa Msamaria umegeuzwa: safari hii yeye ndiye aliyelala njiani, na mwokozi ni mtu wa dini nyingine.

Atakuwepo wa kupinga kwamba ujirani wa namna hii unazimua mafundisho na kuinyamazisha Injili. Lakini daka halifuti mlango. Mwenye nyumba hubaki na nyumba yake. Analopoteza ni haki ya kumjadili mgeni kabla hajaketi naye. Kwa kanisa la Lamu, kuketi huko ni pamoja na kusikiliza, bila kujihami, kisa cha shamba linalolimwa na waumini wake.