Mtaa Haujafeli, Shule Zilipangwa Hivi

Wasee, matokeo ya KCSE yakitoka lazima mtu aseme ati watoto wa Kibera na Kawangware hawapendi kusoma. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo siwezi kuwapa lekcha. Nawapa historia tu, kisha muamue wenyewe.

Kibera ilianza mapema miaka ya 1900, Waingereza walipowakalisha pale wanajeshi Wanubi wa KAR. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Walipewa mahali pa kuishi lakini hawakupewa hati ya shamba. Uhuru ukaja, na serikali bado ikaihesabu Kibera kama makao yasiyo halali. Sasa, nani hujenga shule mahali anaposema hapafai kuwa na watu? Ndio maana shule za umma kama Olympic, Ayany na Toi ziko pembeni, na huko ndani kumejaa shule za mabati zilizoanzishwa na walimu, makanisa na wazazi.

Upande wa pili, Prince of Wales ilifunguliwa 1931. Leo ni Nairobi School. Duke of York ikafuata 1949. Leo ni Lenana. Zote mbili zilijengewa vijana wa kizungu pekee, na viwanja na mabweni juu. Kutoka Kawangware si mbali. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini geti likabaki. Siku hizi linafunguliwa na maksi na karo.

Na usiniambie mtaa hauna vichwa. Kabla ya 2003, Olympic Primary ilitajwa kati ya shule bora za umma Nairobi kwenye KCPE. Shule ya Kibera! Januari 2003 serikali ya Kibaki ikaondoa karo ya msingi, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka madarasani nchi nzima. Ilikuwa haki yao. Shida ni kwamba walimu na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na wazazi wengi wenye pesa wakahamisha watoto wao hadi praiveti.

Sekondari ndio mchujo wenyewe. Mtoto wa mtaa akipata maksi za juu, anaitwa shule ya kitaifa, na anaenda kama familia itapata karo ya bweni. Wanaobaki ndio wanapokelewa na shule ya kutwa ya mtaa. Tangu 2008 serikali inalipia masomo ya sekondari, lakini hailipii stima ya kusoma usiku kwa chumba kimoja mnacholala watu sita. Halafu baada ya miaka 4 tunaweka wastani wa shule hiyo kando ya ule wa Lenana, tunacheka. Mtoto aliyeingia na maksi 180 kwa 500 akatoka na C, si hapo mwalimu amefanya kazi?

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa ni Gredi 10, na shule zimegawanywa kutoka C1 hadi C4, za kitaifa zikiwa juu na za mtaa chini. Majina ni mapya, foleni ni ile ile.

Kwa hivyo matokeo yakitoka tena, kabla hujacheka shule yoyote ya mtaa, uliza maswali mawili: ilipokea nani, na ilipewa nini?