Umebakisha Mtu Mmoja Uingie Kwa Pesa? Hivi Ndivyo Unavyoamua Kwenye Poka

Buda, picha ni hii. Ni saa saba usiku, uko kwa keja yako Lurambi, mvua ya Kakamega inapiga mabati na simu imebaki na chaji asilimia 20. Tonamenti ya poka ilianza na wasee kumi, sasa mmebaki wanne. Watakaolipwa ni watatu tu. Umepewa A na K, karata moto kabisa, na jamaa wa upande wa pili amesukuma chipu zake zote katikati. Una sekunde chache. Unamfuata ama unatupa?

Wengi humfuata. Na wengi huenda kulala mikono mitupu wakilaumu bahati, ilhali shida ilikuwa hesabu. Hapa tunakupa hiyo hesabu, polepole, bila kizungumkuti.

Kwanza tuelewane

Hatuongelei ile poka ya mtaa, ya kulishana 2 na 3 hadi mtu atangaze "niko kadi". Hii ni Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, tano zinafunguliwa mezani, na mwenye mkono bora wa karata tano anabeba. Kila raundi, wasee wawili wanalazimika kuweka chipu kabla ya karata kugawanywa. Hizo zinaitwa blaindi, na zinapanda kadiri muda unavyosonga.

Ile hali ya kubakisha mtu mmoja atoke ndio wengine wote waingie kwa pesa inaitwa kiputo. Akitoka huyo mmoja, kiputo kimepasuka na kila aliyebaki ana chake. Yeye ndiye anaenda home na stori tu.

Chipu sio pesa

Hapa ndipo wasee wengi huanguka. Kwa tonamenti huwezi kuinuka katikati ukabadilisha chipu zako ziwe ganji. Unalipwa kulingana na nafasi uliyomaliza. Kwa hivyo chipu unazopoteza zina uzito kuliko chipu unazoongeza.

Tuchukue mfano. Wasee kumi, kila mmoja ameweka thao moja, jumla 10,000. Wa kwanza anapata 5,000, wa pili 3,000, wa tatu 2,000. Mmebaki wanne na kila mtu ana chipu 5,000. Kwa kuwa mko sawa, nafasi yako inathamani ya shilingi 2,500.

Sasa ufuate jamaa na ushinde. Chipu zako zimekuwa 10,000, yaani mara mbili. Je, pesa nayo imekuwa mara mbili, 5,000? Zi. Ukipiga hesabu ya uwezekano wa kumaliza wa kwanza, wa pili au wa tatu, thamani yako inafika kama 3,830. Umeongeza 1,330 pekee, na ulikuwa umeweka hatarini 2,500 nzima.

Tukiacha blaindi kando, hiyo inamaanisha lazima uwe na uwezekano wa kushinda wa karibu asilimia 65 ndio kumfuata kukulipe. Ile "nusu kwa nusu, wacha Mungu aamue" ni hasara.

Karata zako zinasemaje?

Linganisha hiyo 65 na vile karata hupambana zikifika mwisho:

• 10 mbili dhidi ya A na K: wewe mwenye 10 mbili unashinda kama asilimia 57. Haitoshi.

• A na K dhidi ya Q mbili: karibu asilimia 43. Mbali sana.

• A na K dhidi ya A na Q: karibu asilimia 74. Hapo sawa.

• Q mbili dhidi ya 5 mbili: karibu asilimia 80. Fuata bila wasiwasi.

Shida ni kwamba huoni karata za jamaa. Hata kama ni mwendawazimu anayesukuma karata yoyote ile, A na K za rangi tofauti hushinda karata za kubahatisha asilimia 65 hivi, yaani mpaka wenyewe. Na kama ni mtu mtulivu ambaye hajasukuma saa nzima, hiyo A na K yako itupe chini na usilie.

Kukiwa na mnyonge mezani, ngoja

Badilisha mfano kidogo. Kinara ana chipu 10,000, wewe 5,000, mwingine 4,000, na kuna mmoja amebaki na 1,000 tu na blaindi zinakaribia kummeza. Kinara anakusukumia zote.

Hapa hesabu inapanda hadi kama asilimia 76. Yaani hata ungejua kabisa kwamba kinara ana A na Q, ile A na K yako yenye asilimia 74 bado ungeitupa! Sababu? Yule wa 1,000 anaweza kutoka dakika mbili zijazo na uingie kwa pesa bila kutoa jasho. Ukigombana na mtu wa pekee anayeweza kukutoa, unamfanyia mnyonge kazi.

Mashabiki wa Kakamega Homeboyz wanaielewa hii kwa uchungu. Msimu wa 2021/22 walimaliza ligi pointi sawa na Tusker, na kombe likaenda Ruaraka kwa tofauti ya mabao. Siku ya mwisho macho hayakuwa kwa mechi yao pekee. Na wewe pia usiangalie karata zako pekee. Angalia chipu za kila mtu, na nani anafikiwa na blaindi kwanza. Kama kuna meza zaidi ya moja, chungulia hizo nyingine.

Kusukuma sio sawa na kufuata

Usidhani tunakwambia ukae kama jiwe. Ile hesabu inayokuzuia kufuata inawazuia wenzako pia. Ukiwa wa kwanza kusukuma, wao ndio wanahitaji asilimia 65 na zaidi ndio wakufuate. Wengi watatupa, na utachukua blaindi bila vita. Ukisukuma una njia mbili za kushinda: watupe, au wakufuate na uwapige. Ukifuata una moja tu.

Kwa hivyo:

1. Ukiwa kinara: sukuma mara nyingi, hasa dhidi ya walio katikati. Hao ndio wanaogopa kutoka kabla ya mnyonge.

2. Ukiwa katikati: mwepuke kinara, wabane walio chini yako. Fuata na karata kali pekee.

3. Ukiwa mnyonge: usingoje mpaka ubaki na chipu za blaindi moja, kwa sababu hakuna atakayekuogopa. Ukiwa na blaindi kubwa kama nane hivi, chagua karata ya heshima na usukume wewe kwanza.

Tonamenti za tiketi ni balaa zaidi

Kuna tonamenti ambazo zawadi ni tiketi ya kuingia tonamenti kubwa. Chris Moneymaker alianza na moja ya mtandaoni ya dola 86, na mwaka wa 2003 akabeba World Series of Poker na dola milioni 2.5. Kwa hizi, tiketi tano zikiwa sawa, wa kwanza na wa tano wanapata kitu kilekile. Kama chipu zako zinatosha na kuna mtu anakufa raundi ijayo, hata A mbili unaweza kuziweka chini. Sio uoga, hakuna cha ziada cha kushinda.

Pale Khayega, fahali akigeuza mgongo amepoteza pambano. Kwenye kiputo, anayejua kugeuka mapema ndiye hulipwa.

Kabla ya kukaa mezani

Chaji simu na ununue bando za kutosha. Stima ikipotea na mtandao ukakatika, mfumo unakutupia karata huku blaindi zikikula.

La mwisho, na hili ni zito. Hesabu zote hizi zinafanya kazi kama hiyo thao uliyoingia nayo unaweza kuipoteza na kesho ule. Ikiwa ni ya rent, utatupa pale unapofaa kusukuma, na utafuata kwa sababu umechoka kuogopa. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa. Mchezo wa pesa ni wa miaka 18 kwenda juu. Na kama umeanza kukopa ndio uingie tonamenti nyingine, karata ya kutupa ni hiyo tonamenti yenyewe.