Uzamili wa uchumi kilimo: dagaa na mawese ya Kigoma yanavyopimwa

Mwanafunzi wa uzamili anashuka stesheni ya Kigoma na begi la dodoso. Anakwenda mwalo wa Kibirizi kuuliza wavuvi wanaingiza hela kiasi gani kwa wiki. Bahati mbaya amefika wakati wa mbalamwezi. Vipe vimekaa, watu wanatengeneza nyavu na kupiga soga. Akiandika alichokiona wiki hiyo, tasnifu yake itasema mvuvi wa Ziwa Tanganyika hana kipato. Angekuja wiki mbili baadaye, kwenye giza, angeandika kitu kingine kabisa.

Sababu ni kwamba dagaa huvuliwa kwa taa. Mwanga huwavuta juu, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, na wengi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo kipato cha mwaloni kinakwenda na mwezi wa angani, si mwezi wa kalenda. Makosa ya aina hii ndiyo yanayolifanya somo la uchumi kilimo kuwa gumu kuliko jina lake.

Kinasomwa nini hasa?

Wengi hudhani ni kujifunza kulima kwa faida. Sivyo. Ngazi ya uzamili inahusu namna watu wanavyoamua: kwa nini huyu kapanda mbegu mpya na jirani yake kakataa, bei ya Kigoma inafikaje Dar es Salaam, nani anabaki na faida njiani. Mwaka wa kwanza kwa kawaida ni madarasa ya nadharia ya uchumi, hisabati na ekonometriki. Baadaye ndipo utafiti na tasnifu.

Kwa Tanzania, mahali panapojulikana zaidi ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilichoanzishwa 1984. Pia kuna programu ya pamoja ya uzamili wa uchumi kilimo na uchumi tumizi, inayoratibiwa na AERC yenye makao yake Nairobi. Ilianza 2005, ikijengwa kwa mtindo wa vyuo vya nchi mbalimbali kutumia mtaala mmoja na kuwakutanisha wanafunzi Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kwa masomo maalumu.

Swali kuu: ingekuwaje bila hicho kitu?

Kama kuna jambo moja lililobadilika kwenye utafiti wa miaka ya karibuni, ni hili. Zamani ilitosha kuonyesha kwamba wakulima wenye mbegu bora wana kipato kikubwa. Siku hizi msimamizi atauliza papo hapo: je, si walikuwa na uwezo hata kabla ya mbegu?

Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019 ilikwenda kwa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer kwa kazi ya majaribio ya kugawa watu kwa bahati nasibu, baadhi yao wakipata huduma na wengine wakingoja. Sehemu ya kazi hiyo ilifanyika magharibi mwa Kenya, kwa wakulima na mbolea. Mwaka 2021 ikaenda kwa David Card, Joshua Angrist na Guido Imbens. Card alitumia matukio ya kawaida, kama mabadiliko ya sheria, badala ya jaribio la kupangwa. Angrist na Imbens wakaonyesha ni hitimisho gani linaruhusiwa kutolewa humo.

Kigoma ina tukio la namna hiyo. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika, lengo likiwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Ziwa hili lina nchi nne: Tanzania, DR Congo, Burundi na Zambia. Ni mali ya wote, na mwaka 1954 mwanauchumi H. Scott Gordon alishaeleza tatizo la uvuvi wa namna hiyo: kila mmoja akivua bila mpaka, faida inaliwa na wingi wa vyombo mpaka hakuna anayebaki na kitu. Juu ya hilo kuna joto. Utafiti ulioongozwa na Catherine O'Reilly, uliotoka katika jarida la Nature 2003, ulikadiria kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria samaki kupungua kwa takriban asilimia 30.

Sasa hasara ya miezi mitatu inapimwaje? Njia rahisi ni kulinganisha kipato cha kabla na cha baada. Lakini bei hubadilika hata ziwa likiwa wazi. Mwanafunzi mjanja atasema: nitalinganisha na dagaa wa Mwanza, kule hakukufungwa. Wazo zuri, ila lina shimo. Dagaa wa Kigoma wakiadimika sokoni, baadhi ya wanunuzi huhamia wa Mwanza, na bei ya huko nayo inapanda. Kipimo chenyewe kimeguswa na kitu kinachopimwa. Hapo ndipo wengi hukwama, na ndipo tasnifu nzuri huanzia.

Kuna jingine ambalo dodoso likiwa la wavuvi tu haliliona. Mei hadi Agosti Kigoma ni kiangazi, jua kali, wakati mzuri kuliko wote wa kuanika. Masika dagaa hulowa mvua na kuoza juu ya mchanga. Kwa mama anayenunua dagaa mbichi, kuanika na kuuza, kufungwa kiangazi si sawa na kufungwa Februari. Mwenye chombo huenda ana duka au shamba. Baharia analipwa kwa mgao wa kilichopatikana, na ziwa likifungwa mgao wake ni sifuri. Wastani wa hasara wa kaya zote unaficha haya yote, kwa hiyo wastani peke yake usiaminiwe.

Dagaa na simu

Utafiti mmoja ambao kila mwanafunzi hukutana nao ni wa Robert Jensen, uliochapishwa 2007, kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Kabla ya simu za mkononi, ufuo mmoja ulimwaga samaki kwa kukosa wanunuzi huku ufuo jirani watu wakiwakosa. Simu zilipofika, wavuvi walipiga wakiwa bado majini. Tofauti za bei zikapungua sana, kumwaga kukakoma, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Je, matokeo hayo yanahamia Kibirizi au Katonga? Si moja kwa moja. Samaki wa Kerala waliuzwa wabichi siku hiyohiyo. Dagaa wa Kigoma wengi hukaushwa na kusafiri mbali, kwa hiyo ubora wa kukausha, kwenye mchanga au kwenye vichanja, unaweza kuwa na uzito kuliko taarifa ya bei.

Mawese: hesabu ya kusubiri

Mwaka 2018 Serikali, kupitia Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ilianza kuisukuma michikichi Kigoma ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula. Kituo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu ya Tenera. Michikichi mingi ya wenyeji ni Dura, yenye kokwa nene na nyama nyembamba. Tenera ni kinyume chake, ndiyo maana ina mafuta zaidi.

Sasa mbona si kila mtu anakata ya zamani? Jibu liko kwenye muda. Mche unahitaji takriban miaka mitatu kuanza kuzaa. Mfano wa darasani: shilingi 100,000 utakayoipata baada ya miaka minne, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, leo ina thamani ya kama 57,000. Kwa riba ya asilimia 30 inashuka hadi 35,000. Mkulima anayekopa kwa riba kubwa na anayekamua Dura yake kila msimu hajakosa elimu. Amepiga hesabu.

Halafu mbegu za Tenera ukizipanda tena hazitoi Tenera tupu: takriban robo hurudi kuwa Dura, na robo nyingine huwa Pisifera, ambayo kwa kawaida haizai vizuri. Miche ya kupanua shamba lazima inunuliwe upya. Gharama hii husahaulika kwenye tasnifu nyingi kuliko inavyostahili.

Kwenye data

Data za bure zipo. Utafiti wa Taifa wa kufuatilia kaya, unaofanywa na NBS, ulianza 2008/09 kwa kaya 3,265 na umerudiwa mara kadhaa. Unafaa kwa picha ya nchi, lakini kaya za Kigoma ndani yake ni chache mno kwa kuusemea mkoa peke yake. Ndiyo maana wengi hufunga safari na simu yenye KoboToolbox, kisha uchambuzi hufanywa kwenye Stata au R (R ni ya bure).

Ukiwa kijijini, vipimo ndivyo huumiza. Gunia la lumbesa si gunia. Debe la chikichi halina uzito mmoja. Michikichi imetawanyika kati ya migomba na mihogo, kwa hiyo swali la "una ekari ngapi?" halina jibu; bora kuhesabu miti. Dodoso la Kiswahili linaweza kujibiwa kwa Kiha, na anayetafsiri kienyeji anaweza kugeuza "faida" kuwa "mauzo" bila kujua.

Kabla ya yote ni barua: kutoka chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha halmashauri, kisha mtendaji wa kijiji. Mwaloni kuna pia viongozi wa BMU. Na kabla ya kukata tiketi, aangalie mwezi.